Matanga Baharini: siku sita na muziki wa Ahab

Siku ya kwanza: Hamburg

Zamu ya usiku ilikwisha saa moja asubuhi. Badala ya kwenda kulala niliteremka hadi Landungsbrücken, gati la zamani kwenye mto Elbe, nikanunua mkate wenye samaki wa siki na vitunguu, nikakaa kutazama meli ya makontena ikivutwa na tagi mbili. Nina siku sita za likizo. Nimeamua kuzitumia kuifuata bendi moja ambayo wengi wetu hawajawahi kuisikia, na ambayo kwangu imekuwa kama ndugu wa mbali aliyejulikana ukubwani.

Inaitwa Ahab. Ilianzishwa mwaka 2004 na wapiga gitaa wawili, Daniel Droste na Christian Hector, waliokuwa pamoja katika bendi nyingine, Midnattsol. Nyumbani kwao ni Heidelberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji usio na bahari wala harufu ya chumvi, wenye mto tu. Hata hivyo albamu zao zote ni bahari tupu: nyangumi, merikebu zilizovunjika, njaa juu ya maji, vilindi. Jina lenyewe ni la yule nahodha wa mguu mmoja wa riwaya ya Moby-Dick, ya mwaka 1851.

Nilikutana nao kazini. Mimi ni muuguzi wa wazee. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na mzee mmoja, baharia mstaafu, aliyekuwa katika siku zake za mwisho. Pumzi za mtu wa hali ile huachana: moja, kisha kimya, unadhani amekwenda, kisha nyingine. Saa tisa usiku nilikuwa chumba cha chai na kijana wa mafunzo, amevaa fulana nyeusi chini ya sare. Aliniuliza kama nataka kusikia kitu, akanipa upande mmoja wa hedfoni. Ulikuwa wimbo Below the Sun, wa kwanza katika albamu yao ya kwanza. Kishindo kimoja kizito cha gitaa, mlio wake ukafifia polepole, kisha kishindo kingine. Nilishtuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kusikiliza mwendo ule ule chumba namba kumi na mbili.

Muziki huu unaitwa dumu, kutoka neno la Kiingereza doom, lenye maana ya maangamizi yasiyokwepeka. Kwa sikio la Mswahili neno hilo linaita kitenzi cha kudumu, nami sioni kwamba sikio letu limekosea, maana Below the Sun peke yake una zaidi ya dakika 11. Asili yake ni Birmingham, Uingereza, kwa Black Sabbath, waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani. Baadaye alilegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikashuka, ikawa nzito. Muziki mzima umetoka kwenye jeraha la mfanyakazi. Karibu na mwaka 1990, bendi za kaskazini mwa Uingereza kama Paradise Lost na My Dying Bride zikachanganya uzito huo na dethi, aina ya muziki wa metali ambao mwimbaji wake huunguruma kooni. Wafini wa Thergothon na Skepticism, katikati ya miaka ya 1990, wakapunguza mwendo zaidi hata watu wakauita mtindo wao dumu ya mazishi. Ahab wamesoma chuo hicho cha Wafini.

Hamburg yenyewe ina bendi yake ya dethi-dumu, Ophis, iliyoanza mwaka 2001 chini ya Philipp Kruppa. Naiheshimu sana. Abhorrence in Opulence, ya mwaka 2014, ni albamu kali iliyojengwa vizuri. Lakini kuisikiliza ni kama kufungiwa chumba kisicho na dirisha. Ahab wana upepo, na mimi ni mtoto wa Pangani, siwezi kukaa pasipo upepo.

Siku ya pili: kuelekea Wyk

Treni kutoka Altona, kituo cha Hamburg, inapanda kaskazini kupitia malisho ya ng'ombe na mitambo ya upepo isiyohesabika. Niebüll unabadilisha, unapanda treni ndogo inayokwenda mpaka ukingoni mwa nchi, Dagebüll, na reli inaishia gatini. Kutoka hapo feri inakupeleka Wyk, mji wa kisiwa cha Föhr, kwa muda usiofika saa nzima.

Kwa nini Föhr, wakati bendi ni ya Heidelberg? Kwa sababu nilitaka kujua Wajerumani waliijua vipi biashara ya nyangumi kabla haijawa habari ya vitabuni. Watu wa visiwa hivi vya Wafrisia waliishi kwa kuwinda nyangumi tangu karne ya 17, wakipanda merikebu za Uholanzi na za Hamburg kwenda bahari ya Greenland na Spitsbergen. Walitoka mwanzo wa mwaka, wakarudi majira ya joto yakiisha. Walioachwa kijijini ni wanawake, wazee na watoto. Habari hiyo hakuna mtu wa pwani atakayehitaji kufafanuliwa.

Maji yalikuwa yakipwa feri ilipoondoka. Bahari ya hapa ni ya kina kifupi, na maji yakitoka yanaacha uwanda wa tope na mchanga kwa maili nyingi, na ndege wanaochokonoa. Nahodha analazimika kufuata mlango uliowekwa alama za miti, kama vile kwetu mtu anavyolenga mlango kati ya mafungu. Nilisimama sitahani baridi ikinikata masikio, nikaona mlango ule unavyopinda, nikajua kwamba maji haya ningeweza kuyasoma hata bila ramani.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga alinipokea kwa "Moin", salamu ya huku isiyojali kama ni asubuhi au usiku, akanimiminia chai nzito juu ya sukari ya mawe. Nilimwambia nimekuja kuona makaburi ya mabaharia. Hakushangaa. Aliniambia nisubiri asubuhi, jua likiwa bado chini, maana maandishi yanasomeka vizuri kivuli kikiingia kwenye michongo.

Siku ya tatu: Süderende

Kanisa la Mtakatifu Laurentius la Süderende limesimama peke yake kati ya mashamba, na makaburi yamelizunguka. Mawe yake wanayaita mawe yanayosema. Kila jiwe ni simulizi: mtu alizaliwa wapi, alioa nani, alisafiri na chombo gani. Juu limechongwa jahazi kubwa lenye matanga wazi, au lililokwisha kushusha matanga kwa sababu safari imefika. Watoto wamechongwa kama maua, na ua lililokatika ni la mtoto aliyetangulia.

Jiwe nililolifuata ni la Matthias Petersen, aliyezaliwa mwaka 1632 akafa mwaka 1706. Limeandikwa Kilatini. Linasema alikamata nyangumi 373, na kwa hiyo watu wote walimwita Matthias mwenye bahati.

Nilisoma namba ile mara tatu. Kisha nilikaa kwenye benchi ukutani nikawasha The Call of the Wretched Sea, albamu ya mwaka 2006, nyimbo saba, zaidi ya saa moja. Nilitaka kuisikiliza yote mbele ya mtu huyu.

Ukiisikiliza kwa pupa utasema hakuna kinachotokea. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na vipande vingi vya albamu hii vinatembea chini ya hapo. Mwili hauna pa kujishikiza, kwa hiyo unaanza kujilegeza kuufuata, na ukishaufuata unagundua wingi wa mambo yaliyomo. Gitaa zimeshushwa nyuzi mpaka zinatoa kishindo kinachosikika kifuani kabla ya masikio. Juu yake kinanda kinatanda kama ukungu. Dramu za Cornelius Althammer ndizo ninazozipenda kupita vyote. Kupiga polepole hivi ni kazi ngumu, kwani mpigaji wa kasi akikosea kidogo kosa linapita na umati, lakini hapa kila pigo limesimama peke yake, limezungukwa na kimya, na likichelewa nukta moja kila mtu anajua. Kisha inakuja sauti ya Droste, inayotoka chini ya koo, nzito, maneno yanavutwa mpaka yanakosa umbo la maneno. Mama aliisikia kwenye simu mara moja akasema, "Huyo si mtu, hiyo ni ng'oma ya bahari." Alikusudia kunikataza. Mimi niliona amefahamu.

Wimbo wa tatu unaitwa Old Thunder, jina la utani la nahodha Ahab ndani ya riwaya. The Hunt ni mawindo yenyewe. Na hapa jambo lililonileta likanikaa vizuri akilini. Mawindo ya nyangumi hayakuwa na kasi tunayoidhania. Ilikuwa miezi ya kungoja, macho kwenye upeo, kisha mashua inashushwa, makasia yanavutwa, mtu wa omo anasimama na chusa. Chusa ikishanasa, kamba inakwenda na nyangumi anazama, na watu wanakaa juu ya maji yaliyotulia, hawajui atatokea wapi. Muda ule wa kungoja ndio Ahab wameupiga. Bendi nyingine ingepiga chusa.

Nyangumi wa Petersen na nyangumi wa riwaya si mmoja. Wa Greenland ni mnene, mpole, hana meno. Wa riwaya ni yule mwenye meno na kichwa kikubwa kama nyumba, ambaye tumboni mwake hutoka ambari, na ambari wazee wa pwani yetu wanaijua sana kwa sababu ikiokotwa ufukweni ilikuwa utajiri. Katika karne ya 19 meli za Wamarekani zilizomwinda zilitia nanga hata Unguja kuchukua maji na vyakula.

Nikiwa pale makaburini, jahazi la jiwe mbele yangu limetweka matanga, nilikumbuka neno letu. Kwetu matanga ni vitambaa vya chombo, na matanga ni siku za kukaa msibani. Mtu hutweka matanga na mtu hukaa matanga. Msiba ukiisha, matanga huanuliwa, kama baharia anavyoanua chake chombo kikishafika. Nimekua nikitumia neno hilo kwa maana zote mbili bila kusimama hata siku moja. Ilibidi nije kwenye kaburi la Mfrisia, na kelele za Wajerumani masikioni, ndipo nisimame.

Mchana nilirudi Wyk kwenye jumba la makumbusho. Lango lake limetengenezwa kwa mifupa ya taya za nyangumi iliyosimamishwa, na mtu anapita katikati. Nilipita.

Siku ya nne: Amrum

Kutoka Wyk feri inaendelea hadi Wittdün, kisiwa cha Amrum. Nilichukua basi hadi kijiji cha Nebel. Karibu na kinu cha upepo kuna kijiuwanja kidogo kilichozungushiwa ua, na ndani misalaba ya mbao, mifupi, yote sawa. Ni makaburi ya wasio na majina, watu ambao bahari iliwaleta ufukweni na hakuna aliyewatambua. Hakuna jina wala kabila wala chombo. Kuna tarehe tu, siku walipookotwa.

Mjomba wangu hana kaburi. Nilikuwa na miaka tisa. Alitoka Pangani na mashua ya nazi kwenda Mkokotoni, Unguja, safari aliyokwisha kuifanya mara zisizo na idadi, na hawakufika. Watu wanne. Walitafutwa mpaka Kipumbwi upande mmoja na Tongoni upande mwingine, likapatikana kasia moja ambalo wengine walisema ni lao na wengine wakasema si lao. Aliswaliwa sala ya ghaibu. Lakini bibi yangu alikataa matanga yaanuliwe. Alisema hawezi kuanua matanga ya chombo ambacho hakijarudi. Kwa miaka mingi nilidhani alisema vile kwa uchungu tu.

Hapa nilisikiliza albamu ya pili, The Divinity of Oceans, ya mwaka 2009. Inasimulia meli ya kweli ya wawinda nyangumi, Essex ya Nantucket, Marekani, iliyogongwa na nyangumi tarehe 20 Novemba 1820 katikati ya Pasifiki ikazama. Watu 20 waliingia katika mashua tatu ndogo. Visiwa vya magharibi vilikuwa karibu zaidi, lakini waliogopa kwamba wenyeji wake wanakula watu, wakachagua njia ndefu ya kurudi Amerika ya Kusini. Njaa iliwafikisha mahali wakala miili ya wenzao waliokufa, na baadaye katika mashua ya nahodha George Pollard ikapigwa kura, ikamwangukia Owen Coffin, kijana wa miaka kumi na kitu, binamu wa nahodha mwenyewe. Walionusurika ni wanane. Mashua ya Pollard ilikaa baharini kiasi cha miezi mitatu.

Jalada la albamu ni mchoro wa Théodore Géricault wa chelezo cha Medusa, meli ya Ufaransa iliyokwama karibu na Mauritania mwaka 1816. Watu wasiopungua 147 waliwekwa juu ya chelezo, na siku ya kumi na tatu waliokolewa 15. Ahab wameweka misiba miwili, mmoja juu ya mwingine, na wimbo wa kwanza unaitaja Medusa na udhaifu wa Pollard pamoja.

Muziki umebadilika hapa. Droste anaimba sasa kwa sauti safi pia, sauti pana yenye huzuni iliyonyooka, na gitaa zina miimbo ambayo mtu anaweza kuimumunya akiosha vyombo. Wapo mashabiki wa albamu ya kwanza waliolalamika kwamba bendi imelainika. Mimi siwaelewi. Katika albamu ya kwanza anayesema ni bahari, na bahari haina haja ya kueleweka. Katika hii wanaosema ni watu walio ndani ya mashua, na mtu mwenye njaa huongea kwa sauti ya mtu.

Wimbo wa mwisho ni Nickerson's Theme. Thomas Nickerson alipanda Essex akiwa na miaka 14. Alinusurika, akazeeka, na uzeeni akaandika yote aliyoyaona. Daftari lake lilipotea, likapatikana mwaka 1960, likachapishwa mwaka 1984. Niliucheza wimbo huo mara mbili nikitembea kati ya misalaba. Upepo ulikuwa wa magharibi, mkali, na mchanga ulikuwa ukipita juu ya nyasi kama moshi. Nilisoma kila tarehe kwa sauti, moja baada ya nyingine, kwa sababu nilidhani huenda ni muda mrefu hazijasomwa. Nilipomaliza nilisoma Fatiha kwa ajili ya mjomba. Sikujua tarehe yake. Hilo lilinikaba koo kuliko kitu kingine chochote katika safari hii: watu hawa wana tarehe na hawana majina, na mjomba wangu ana jina na sijui tarehe.

Siku ya tano: njiani

Feri, basi, treni tatu, na moja ilichelewa saa mbili. Siku nzima imeishia njiani. Mvua dirishani kuanzia Hamburg mpaka Frankfurt.

Nilisikiliza albamu mbili za kati. The Giant, ya mwaka 2012, imejengwa juu ya riwaya pekee ndefu ya Edgar Allan Poe, ile ya safari ya kuelekea ncha ya kusini ya dunia. Ndiyo albamu yao yenye utulivu mwingi, gitaa zinakaa safi kwa dakika nyingi kabla ya kuvunjika, na Herbrand Larsen, aliyekuwa katika bendi ya Enslaved ya Norwe, amekuja kuongeza sauti yake. Naiona nzuri na sina mengi ya kusema juu yake. Baridi ya barafu si lugha yangu.

Ya mwaka 2015, The Boats of the Glen Carrig, ni habari nyingine. Inatoka kwa William Hope Hodgson, Mwingereza ambaye tofauti na waandishi wengi wa hadithi za bahari alikuwa baharia kweli, alikwenda kazini melini akiwa kijana mdogo, na alikufa vitani mwaka 1918. Hadithi yake ni ya mashua za watu waliopoteza meli na kuingia katika bahari ya mwani iliyojaa viumbe. Jalada alilochora Sebastian Jerke limejaa rangi, si nyeusi kama mtu anavyotazamia. Muziki nao una maungo zaidi, unainuka ghafla, unageuka. Like Red Foam ndio wimbo wao mfupi wenye haraka, dhoruba inayopita, na umewekwa katikati ya albamu ili kila kilicho baada yake kihisi uchovu. Kufikia hapo gitaa la besi lilikuwa la Stephan Wandernoth, na wanne hao, Droste, Hector, Althammer na yeye, ndio wanaoipiga Ahab mpaka leo.

Baada ya hapo kimya cha zaidi ya miaka saba bila albamu mpya ya studio. Katikati yake walitoa rekodi moja tu ya jukwaani, Live Prey, mwaka 2020, wakirudia nyimbo za mwanzo. Watu wanaosubiri muziki huu hawalalamiki. Wamezoeshwa na nyimbo zenyewe.

Nilifika Heidelberg usiku, nikalala na viatu.

Siku ya sita: Heidelberg

Asubuhi nilivuka Daraja la Kale. Mto Neckar ni mpana, umetulizwa na malango ya maji, na tishari refu lenye mzigo lilikuwa likipita chini, bendera ndogo kwenye tezi. Kilimani ni kasri jekundu lililobomolewa na majeshi ya Ufaransa mwaka 1689 na tena 1693, na halikujengwa upya kikamilifu. Watalii wengi, wanafunzi wengi wenye baiskeli. Nilitafuta kitu chochote cha bahari. Hakuna.

Lakini nilipokuwa narudi ukingoni niliona alama za mafuriko. Katika baridi kali ya mwaka 1784 barafu na maji vilishuka na mto huu vikavunja daraja lililokuwapo, na hili ninalolikanyaga ni la baada yake. Maji haya yanakwenda Mannheim, yanaingia Rhine, Rhine inavuka Ujerumani na Uholanzi na kumwagika katika Bahari ya Kaskazini, ile ile inayoosha Föhr na Amrum. Kwa hiyo watu wa hapa wanaishi juu ya mto unaoelekea baharini, kila siku wanaona maji yanakwenda na hawaoni yanapofika. Kabla ya leo nilikuwa najiuliza bendi ya mji kama huu imepata wapi haki ya kuimba bahari. Nimeacha kujiuliza. Baharia anayerudi salama hana haja ya kuwaza sana juu ya vilindi, kesho ana safari nyingine. Anayewaza ni aliyebaki nchi kavu. Bibi yangu hakupata kupanda chombo maisha yake yote, na hakuna aliyeijua bahari kumshinda.

Nilipanda njia ya kilimani upande wa pili wa mto, ile wanayoiita Njia ya Wanafalsafa, nikakaa juu na mji wote chini yangu, nikawasha albamu ya mwisho. The Coral Tombs ilitoka Januari 2023, na inafuata riwaya ya Jules Verne ya nyambizi Nautilus. Inaanza kwa fujo, mayowe ya Chris Noir wa bendi ya Ultha, kana kwamba bendi imesahau mwendo wake, kisha inazama na polepole inarudi. Mwishoni, katika The Mælstrom, anakuja Greg Chandler wa bendi ya Esoteric, mmoja wa wakongwe wa dumu ya mazishi kutoka Uingereza. Wimbo niliokuja kuusikiliza ni wa katikati, A Coral Tomb. Katika riwaya, mtu mmoja wa nyambizi anakufa, na nahodha Nemo na wenzake wanavaa nguo za kuzamia, wanatembea chini ya bahari mpaka msitu wa matumbawe, wanachimba, wanamzika.

Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa nimeshughulika na sauti. Leo nilisikia jina. Kaburi la matumbawe. Kwetu kaburi la heshima limejengwa kwa nini, kama si matumbawe? Pale Tongoni, kati ya Pangani na Tanga, makaburi ya nguzo ya wazee wa kale yamesimama karne na karne, yote ya mawe ya matumbawe na chokaa yake. Nimecheza pale utotoni, mgongo nimeegemeza kwenye nguzo, nikapigwa kofi na shangazi kwa kukosa adabu kwa wafu. Tuliwajengea wafu wetu nyumba kwa kitu kilichotoka chini ya maji. Na kama mjomba amelala kati ya Pangani na Mkokotoni, basi kaburi lake limejengwa kwa mawe yale yale, tena pasipo fundi.

Wimbo una gitaa safi mwanzoni, pigo moja moja, halafu sauti ya Droste inakuja juu bila kukwaruza. Niliuacha uishe. Kisha nilimwandikia mama ujumbe. Nilimuuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukiuliza: mjomba alitoka siku gani?

Jibu lilikuja kwa sauti, baada ya kama nusu saa. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu anatwanga. Hakuniuliza kwa nini nataka kujua.

"Ilikuwa Alhamisi," alisema. "Mwezi kumi na tano, Mfunguo Nne. Kusi limeshashika. Walingoja bamvua lijae wapate kuvuka fungu la mlangoni, wakatoka saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa nimesimama pale penye mkwaju. Alitweka tanga kabla hajafika mlangoni, baba yako akasema, mbona mapema."

Nilitoa daftari nikaandika hivyo hivyo, na mwaka nikauweka mwenyewe, 1997. Chini tishari jingine lilikuwa likiingia lango la maji, likingoja literemshwe.